Kiwiti na Mgomba wa Bi Mize

"Ngano inabisha hodi!"

Ipite ndani!

"Ina vumbi miguuni!"

Tuioshe, ikae!

Haya. Mikono iendelee kuchambua karafuu, lakini masikio yaje kwangu. Na wewe uliyeegemea gunia, kaa sawa. Hii si ngano ya kusinzia. Huyu ninayewahadithia hakutulia hata kidogo, na mimi nikimhadithia situlii.

Zamani, zamani sana, wanyama na watu walipokuwa wakisemezana kama tunavyosemezana sisi, alikuwapo mjusi mdogo katika kisiwa hiki hiki chetu cha Pemba. Hakuwa yule wa kijivu wa ukutani, anayetoka taa zikiwashwa. Huyu alikuwa mjusi wa mchana. Jua likichomoza anatoka, jua likizama analala. Mwili wake haukuzidi kidole changu hiki, na rangi yake ilikuwa chanikiwiti, kijani cha jani la mgomba lililofunguka leo asubuhi. Kwa hiyo akaitwa Kiwiti.

Kiwiti alikaa nyuma ya nyumba ya Bi Mize. Bi Mize alikuwa mama mjane mwenye binti mmoja, jina lake Raya, na uani kwake palikuwa na kichaka cha migomba. Katika migomba yote ile Kiwiti aliuchagua mmoja tu. Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa umechanua. Ua la mgomba lina utamu ndani yake, na Kiwiti alipenda kulamba utamu kuliko kula nzi. Asubuhi analamba, adhuhuri analamba, alasiri analamba.

Akasema, "Nyumba yenye chakula mlangoni, nihame niende wapi?" Akataga mayai yake mawili humo humo, juu, pale jani linapokumbatia shina.

Hapo ndipo alipokosea. Nyinyi mnajua, maana mmezaliwa shambani. Mgomba huzaa mara moja tu. Ukishatoa mkungu wake hukatwa, ili watoto wake walioko chini wapate hewa na wao wakue. Mgomba ukichanua, ujue siku zake zinahesabika. Lakini Kiwiti angejuaje? Yeye aliona ua, hakuona panga.

Na mayai ya Kiwiti yalikuwa hayahamishiki. Yalipotagwa yalinata pale pale kwenye jani, moja nje kidogo, moja ndani zaidi, yakawa magumu kama kokoto. Ukiyabandua, umeyavunja. Tena yalitaka siku arobaini ndipo yaanguliwe.

Siku zikaenda. Ndizi zilikuwa zimeshatoka alipotaga, sasa zikazidi kunenepa. Siku ya kumi tangu Kiwiti atage, Bi Mize akaja uani na binti yake. Akautazama mkungu, akaupapasa.

"Raya mwanangu, mkungu huu ndio wa harusi yako. Nitaukata baada ya siku ishirini."

"Na mgomba wenyewe, mama?"

"Mgomba tutauangusha, tuukatekate tuuache uoze. Una kazi gani tena?"

Kiwiti alikuwa nyuma ya jani, na alisikia kila neno. Siku kumi na siku ishirini ni thelathini. Mayai yanataka arobaini. Akahesabu mara ya pili, akahesabu mara ya tatu, hesabu ikakataa kubadilika. Akapanda mgomba, akashuka, akapanda tena. Akaweka kidevu chake juu ya yai la kwanza, akasikia kitu kinacheza ndani. Akaweka juu ya la pili, nalo vile vile. Akaogopa, jamani, akaogopa. Akaimba, na nyinyi mniitikie:

Mgomba wangu, simama!
Simama!
Siku zangu bado!
Bado!
Usianguke nao!
Simama!

Kitu cha kwanza alichofanya ni kumkimbilia jamaa yake, mjusi wa ukutani, aliyekuwa amejificha nyuma ya dirisha la Bi Mize akingoja jua lizame.

"Ndugu yangu, Bi Mize atakata mgomba na mayai yangu yamo. Nimwambie?"

Mjusi wa ukutani akafungua mdomo kwa hofu. "Umwambie Bi Mize? Wewe unamjua Bi Mize? Unauona mkia wangu?"

"Siuoni."

"Basi ndivyo ulivyo ufagio wake. Mama yule akimwona mjusi hasemi naye. Anapiga. Tafuta msaada mahali pengine, na wala usimwoneshe hata pua."

Kiwiti akaamini. Tangu saa ile, Bi Mize akitokea mlangoni, yeye huzunguka upande wa pili wa shina. Bi Mize akija upande huu, Kiwiti yuko ule. Akija ule, Kiwiti yuko huu.

Nani huyo anauliza kwa nini hakwenda kumwambia mwenyewe? Chambua karafuu. Ndiyo ngano yenyewe hiyo.

Akaenda kwa Tumbili. Akamkuta juu ya mfenesi anajikuna tumbo.

"Kaka Tumbili, nisaidie. Mayai yangu yamo mgombani, na Bi Mize ana panga."

"Basi dawa ni kumwondolea panga," akasema Tumbili. "Bila panga atakata kwa meno? Niachie mimi."

"Ahsante, kaka. Ahsante sana."

"Usinishukuru bado. Mgomba wako ni upi?"

Kiwiti akamwonesha kwa kichwa. "Ule pale wenye mkungu mkubwa."

"Aaa," akasema Tumbili, na mate yakamjaa mdomoni.

Asubuhi yake Tumbili akaingia jikoni, akalichukua panga, akalitupa kisimani. Hapo alitimiza neno lake, siwezi kumsingizia. Lakini aliporudi alipitia mgombani. Akachuma ndizi moja akaiuma, ikawa mbichi, akaitupa. Akauma ya pili, mbichi, akaitupa. Tumbili hajui kwamba ndizi za mkungu mmoja zote ni ndugu. Aliuma chane nzima akitafuta moja iliyoiva.

"Kaka, basi, kaka, unaharibu," Kiwiti akawa anamwambia huku akizunguka shina.

"Ujira wangu huu, dada," akasema Tumbili, akaruka akaenda zake.

Bi Mize alipotoka akaona ndizi zimetapakaa chini zina alama za meno. Akashika kiuno.

"Raya, tumbili wameshaujua mgomba huu. Nikingoja siku zote zile sitakuta hata ganda. Heri niukate Ijumaa hii hii, tukazivundike ndani."

"Panga halionekani, mama."

"Nitaazima kwa jirani. Mapanga hayajaisha kisiwani."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Basi Kiwiti aliyekuwa amepungukiwa na siku kumi, sasa amepungukiwa na zaidi ya ishirini. Akapanda, akashuka, akapanda tena. Nzi wakapita mbele ya pua yake asiwaone. Haya, mniitikie:

Mgomba wangu, simama!
Simama!
Siku zangu bado!
Bado!
Usianguke nao!
Simama!

Akaenda kwa Kunguru. Akamkuta juu ya paa, shingo imekaa upande, anatazama kila jikoni la mtaa.

"Mzee Kunguru, nisaidie. Bi Mize anakuja na panga Ijumaa, na mayai yangu yamo mgombani."

Kunguru alikuwa na adabu nyingi siku ile. "Bibie, pole. Pole sana. Mama kama wewe kuachwa peke yako, hii si haki. Mimi kazi yangu ni kutazama. Nitakuwa mlinzi wako. Panga likitokea barabarani, nitapiga kelele mpaka mtaa mzima utoke nje."

Kiwiti akapumua. Ilikuwa mara ya kwanza kupumua tangu siku ile ya kumi.

"Ila mlinzi," akasema Kunguru, "lazima ajue anachokilinda. Yako wapi hasa?"

Kiwiti akampeleka. Akamwonesha la nje, akamwonesha la ndani.

"Mazuri," akasema Kunguru. "Meupe kabisa. Sasa wewe kimbia hadi kwa jirani ukaangalie kama panga limeshaazimwa. Mimi niko hapa."

Kiwiti akakimbia. Angewezaje kutokimbia? Mguu wake ulikuwa unatafuta tu pa kwenda. Akapita juu ya ua wa makuti, akafika kwa jirani, akaliona panga linaning'inia mlangoni kwao, halijaazimwa. Akarudi kwa furaha kupeleka habari.

Akamkuta Kunguru anafuta mdomo kwenye jani.

Yai la nje lilikuwa limebaki alama nyeupe ya mviringo, na vipande viwili vya ganda. La ndani lilikuwapo. Mdomo wa Kunguru haukulifikia.

"Ulisema utalinda," Kiwiti akasema.

"Mlinzi naye anakula," akasema Kunguru, akaruka akaenda zake.

Mjusi wa kijani hana kope. Hawezi kufumba macho akalia kama mimi na wewe. Kiwiti alikaa juu ya ile alama nyeupe, akalamba jicho moja kwa ulimi wake, akalamba la pili, akalamba tena la kwanza. Alihuzunika mno. Mama yeyote aliyewahi kupoteza anajua, na asiyejua aombe asijue. Jua lilizama akiwa pale pale.

Lakini bado moja lilikuwapo, na Ijumaa ilikuwa inakuja. Asubuhi akaondoka tena. Safari hii aliendea mlangilangi, ule mti wa maua ya kunukia, uliokuwa upande wa pili wa uwanja, anakokaa Kinyonga.

"Shikamoo, babu."

Kinyonga akageuza jicho moja. Akafikiri. "Marahaba."

"Babu, watu wanakuogopa. Wakikuona njiani wanageuka wanarudi walikotoka. Ukija ukikaa mbele ya mgomba wangu siku ya Ijumaa, Bi Mize hatasogea. Yai langu moja lililobaki litapona."

Kinyonga akageuza jicho la pili. "Ni kweli wananiogopa. Sijui nimewafanya nini. Nitakuja, mjukuu wangu. Naanza safari sasa hivi."

Na alianza kweli. Kinyonga si mlafi kama Tumbili wala si mwizi kama Kunguru. Alinyoosha mguu mmoja mbele. Akayumba. Akaurudisha. Akaunyoosha tena, akaushusha taratibu kama anayekanyaga maji ya moto. Kiwiti akawa anakwenda mgombani na kurudi, mgombani na kurudi. "Babu, umefika wapi?" "Nakuja, mjukuu wangu." Jumatano Kinyonga alikuwa bado yuko kwenye mlangilangi. Alhamisi akafika chini, akagusa ardhi. Ijumaa jua lilipochomoza, Kinyonga alikuwa katikati ya uwanja, mguu mmoja uko hewani, anafikiri kama aushushe.

Mara Kiwiti akasikia mlango wa uani unalia. Bi Mize ametoka. Mkononi ana panga la jirani, amelinoa mpaka linang'aa. Nyuma yake Raya amebeba kamba.

Kwa mara ya tatu, na safari hii pole pole, maana Kiwiti mwenyewe hakuwa na pumzi:

Mgomba wangu, simama!
Simama!
Siku zangu bado!
Bado!
Usianguke nao!
Simama!

Bi Mize akajifunga kanga kiunoni. Akautazama mgomba juu, akautazama chini, akachagua mahali pa kupiga, kiasi cha kifua chake. Kiwiti alikuwa upande wa pili wa shina kama kawaida yake. Akatazama kushoto, hakuna Tumbili. Akatazama juu, hakuna Kunguru, na afadhali asiwepo. Akatazama uwanjani, Kinyonga mguu bado uko hewani.

Panga likainuliwa.

Basi Kiwiti akazunguka shina. Kwa mara ya kwanza alikuja upande aliosimama Bi Mize. Akateremka kichwa chini, akasimama pale pale panga lilipokuwa linakuja.

"Bi Mize," akasema. "Nakuomba usikate. Nina yai humu."

Mkono wa Bi Mize ukasimama hewani.

"Raya, umesikia?"

"Nimesikia, mama. Ni huyo mjusi."

Bi Mize akashusha panga. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na Kiwiti, na Kiwiti akauona ukubwa wa uso wa mtu, lakini hakukimbia.

"Unasemaje, wewe?"

"Nina yai humu juu. Limenata, halitoki. Linataka siku ishirini na tano tena. Ukiangusha mgomba, umeangusha mwanangu. Kama unataka kunipiga kwa ufagio, nipige, lakini uniachie mgomba."

"Nikupige kwa nini?"

"Umempiga ndugu yangu wa ukutani. Hana mkia."

"Yule?" Bi Mize akasonya. "Yule ananyea unga wangu kila siku. Wewe umenikosea nini? Mimi na wewe hatujawahi hata kusalimiana."



Bi Mize akasimama, akafikiri. "Mimi shida yangu ni ndizi. Shina silitaki. Nalikata kwa sababu mama yangu alilikata, na bibi yangu alilikata, nami sikuwahi kujiuliza. Raya, ilete ile ngazi ya karafuu."

Raya akaleta ngazi ndefu ya kuchumia karafuu, wakaiegemeza kwenye mkarafuu uliokuwa ubavuni mwa mgomba. Bi Mize akapanda taratibu. Akaufunga mkungu kwa kamba, akaukata kwenye shingo yake, Raya akaupokea chini. Jani moja halikuvunjika. Alipokuwa juu bado, Bi Mize akachungulia ndani ya mgomba, pale jani linapokumbatia shina. Akaliona yai la ndani. Kisha akaiona na ile alama nyeupe pembeni yake.

"Hapa palikuwa na nini?" akauliza.

"Palikuwa na la pili," akasema Kiwiti.

"Limekwenda wapi?"

Kiwiti akamweleza. Akamweleza habari ya Tumbili, akamweleza habari ya Kunguru, akamweleza kwamba hata sasa hivi Kinyonga yuko njiani anakuja. Bi Mize alikuwa bado yuko juu ya ngazi, panga mkononi.

"Ulijua lini kwamba nitakata?"

"Siku ile uliyokuja na Raya, ukaupapasa mkungu."

"Nilikuwa nimesimama hapa."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nyuma ya jani."

"Masikini," akasema Bi Mize, na machozi yakamlengalenga. "Ungenong'ona tu ningesikia. Siku ile ile ningekwambia kaa. Leo ungekuwa nayo yote mawili."

Akashuka ngazi. Akaenda ndani na binti yake wakazivundike ndizi. Zile alizouma Tumbili walizitupa, zilizobaki zikatosha harusi.

Mgomba ukaachwa umesimama. Ukanyauka majani, ukawa wa kahawia, majirani wakapita wakamcheka Bi Mize kwamba amezeeka, hajui tena kufyeka. Hakuugusa. Siku ya arobaini, jua limepanda kiasi, ganda likapasuka, akatoka mjusi mdogo kama uzi, kijani kibichi, akatazama huku na huku. Kiwiti alimfurahia mpaka akasahau kula.

Mtoto akatambaa. Akafika kwenye ile alama nyeupe, akaigusa kwa mguu.

"Mama, hiki ni nini?"

Kiwiti akamtazama mwanawe. Angeweza kusema ni kazi ya Kunguru. Angesema, na ingekuwa kweli.

"Hapo," akasema, "alikuwa ndugu yako. Nilikwenda kumwombea kwa kila mtu, isipokuwa kwa mwenye panga."

Naona mikono imesimama. Basi sikieni mafunzo, halafu turudi kazini. Ukiwa na shida, ipeleke kwa yule anayeweza kuiondoa, hata kama unamwogopa. Usiizungushe mtaani kwa kila mwenye mdomo, maana wa kwanza atakula chako, wa pili atakula mtoto wako, na yule mwema atafika umeshachelewa. Na habari za ubaya wa mtu usizichukue kwa aliyepigwa bila kumwuliza alipigiwa nini. Nyinyi mnaokaa nyumba kwa nyumba, miezi sita hamsemezani kwa sababu ya maneno ya mtu wa tatu, mmenisikia. Nasema na nyinyi.

Nilipoikuta ngano hii ndipo ninapoituliza. Aliyeipenda aende nayo kwao, aliyeichukia aiache hapa mkekani, na karafuu zenu zichambuliwe kabla jua halijashuka.